Wetu Akishinda, wa Kuja Akishindwa

Ijumaa moja, wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, tuliketi katika safu ya tatu nyuma ya kijana wa miaka 16 aliyevaa jezi kuukuu ya Arsenal. Ilikuwa jezi ya mtumba, wekundu wake umefifia kwa kufuliwa, na mgongoni palikuwa na namba 11 na jina la Özil, ambalo herufi yake ya mwisho ilikuwa imeanza kubanduka. Tunakiri mbele ya ndugu msomaji kwamba khutba ya siku ile hatukuisikia yote.

Baada ya swala, mzee mmoja wa kamati alituita pembeni ya birika la kutawadhia. "Katibu," alisema, "bandika tangazo. Vijana wasije kuswali na nguo zenye majina ya watu mgongoni. Aliye nyuma anasoma badala ya kuswali." Hatukuwa na hoja ya kumpinga, kwani sisi wenyewe tulikuwa ushahidi wa maneno yake. Tangazo tuliliandika jioni ileile, likabandikwa mlangoni, na mpaka leo lipo. Lakini tulichokuwa tukikisoma katika mgongo ule hakikuwa jina la mchezaji peke yake. Tulikuwa tukisoma kosa letu, na ili kosa hilo lieleweke hatuna budi kwanza kusimulia habari za mwenye jina.

Mesut Özil alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1988 katika mji wa Gelsenkirchen, magharibi mwa Ujerumani, mji uliokuzwa na makaa ya mawe na chuma. Mwaka 1961 serikali ya Ujerumani Magharibi ilitiliana saini na Uturuki mkataba wa kuleta wafanyakazi, na Waturuki maelfu kwa maelfu wakaingia migodini na viwandani. Waliitwa wafanyakazi wageni, kwa dhana kwamba wangefanya kazi kisha warudi kwao. Wengi hawakurudi. Babu yake Özil alikuwa miongoni mwa waliohamia, baba yake akaletwa angali mtoto mdogo, na Mesut akazaliwa hapohapo. Utotoni alicheza katika kiwanja kidogo cha mtaani kilichozungushiwa uzio wa chuma, wadogo kwa wakubwa wakigombania mpira mmoja, kama wetu wanavyogombania chandimu vichochoroni.

Nafasi aliyoicheza ndiyo ile watangazaji wetu wanayoiita kiungo mshambuliaji. Kwa wazazi wasiofuatilia soka tueleze kidogo. Mchezaji huyu husimama nyuma ya washambuliaji na mbele ya viungo wakabaji. Kazi yake kubwa si kuzuia, wala si kufunga, bali ni kuona. Huiona njia kabla haijafunguka, akaupeleka mpira mahali ambapo mwenzake hajafika lakini atafika. Mwenzake akifunga, uwanja mzima hulitaja jina la mfungaji, na aliyetoa pasi hurudi taratibu katikati ya uwanja. Özil alikuwa hodari wa kazi hii. Katika msimu wa 2015/16 alitoa pasi 19 zilizozaa mabao katika Ligi Kuu ya Uingereza, moja tu pungufu ya rekodi iliyowekwa na Thierry Henry.

Alianzia Schalke, klabu ya mji wake, kisha Januari 2008 akahamia Werder Bremen. Mwaka 2009 alifunga bao pekee katika fainali ya Kombe la Ujerumani, na mwaka huohuo akawa nguzo ya vijana wa nchi hiyo walioilaza Uingereza mabao 4-0 katika fainali ya Ulaya ya vijana walio chini ya miaka 21. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipofika bara letu kwa mara ya kwanza, alifunga bao lililoizamisha Ghana kule Afrika Kusini, na wengi wetu tukasikitika bila kumjua. Baada ya hapo alichukuliwa na Real Madrid, akatwaa nao ubingwa wa Hispania mwaka 2012. Septemba 2013 Arsenal walimnunua kwa pauni milioni 42.5, bei kubwa kuliko zote walizokuwa wamewahi kulipa, na Mei 2014 wakanyanyua Kombe la FA, taji lao la kwanza baada ya miaka 9.

Hapo ndipo jina lake lilipoingia vichochoroni kwetu. Katika mabanda ya kuonyeshea mpira, yale ambayo vijana huyaita vibanda umiza, watoto wa madrasa walimwona mtu akiinua viganja kuomba dua kabla ya mpira kuanza, wakaja kutuuliza kama kweli ni Muislamu. Mwaka 2016 picha yake akiwa katika ihramu mbele ya Al-Kaaba ilizagaa katika simu za wakubwa na wadogo. Hatukumfanya sheikh siku ile, wala hatumfanyi leo. Fainali za mwaka 2014 zilipoingia katika mwezi wa Ramadhani, alisema waziwazi kwamba yeye yuko kazini na hatafunga. Vijana wetu walijadili jambo hilo barazani baada ya Tarawehe mpaka tukawafukuza wakalale. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunachokitafuta katika maisha ya mtu huyu ni kitu kingine, nacho ni namna watu walivyomhesabu.

Mwaka 2010 alipewa tuzo mashuhuri ya Ujerumani iitwayo Bambi, kwa kuwa mfano wa mhamiaji aliyeungana vyema na jamii. Msomaji alitafakari hilo. Mtu amezaliwa mjini humo, amesoma humo, anaichezea timu ya taifa, na bado anapongezwa kwa kujua kuwa mgeni mwema. Oktoba ya mwaka huohuo Ujerumani ilicheza na Uturuki jijini Berlin. Mashabiki wengi wa Kituruki walimzomea kwa kuichagua Ujerumani. Alifunga bao, na hakushangilia. Alikuwa na umri wa miaka 21, na kila upande ulikuwa umeshamwonyesha kuwa yeye ni wa upande wa pili.

Hata hivyo kazi aliifanya. Mashabiki wa timu ya taifa walimchagua mara 5 kuwa mchezaji wao bora wa mwaka. Katika Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil alianza michezo yote 7, akafunga dhidi ya Algeria katika dakika za mwisho za muda wa nyongeza, na akarudi nyumbani bingwa wa dunia. Kabla ya mashindano alikuwa amegharimia upasuaji wa watoto wagonjwa 11 wa Brazil. Baada ya ushindi akasema kombe halikuletwa na watu 11 bali na kikosi kizima, hivyo akaiongeza idadi ya watoto ifike 23. Ndivyo afikirivyo mtoa pasi: huwahesabu na walioketi benchi.

Kisha ikaja 2018. Mwezi wa Mei alipiga picha jijini London na Rais Erdoğan wa Uturuki, wiki chache kabla ya uchaguzi wa nchi hiyo. Wapo waliosema alikosea kumpa mwanasiasa jukwaa, nao walikuwa na haki ya kusema hivyo. Yeye alijibu kwamba ameiheshimu nchi ya wazee wake, wala hakukusudia siasa. Mjadala huo ungeweza kubaki mjadala. Lakini Ujerumani, bingwa mtetezi, ilifungwa na Mexico, ikafungwa na Korea Kusini, ikatolewa katika hatua ya makundi, na lawama zikatafuta mgongo wa kubebwa. Tarehe 22 Julai, Özil alitangaza kuacha kuichezea timu ya taifa, baada ya michezo 92 na mabao 23. Alimlalamikia rais wa shirikisho la soka pamoja na wengine, na shirikisho likakanusha tuhuma za ubaguzi. Katika maelezo yake marefu lipo neno moja lililoenea dunia nzima: kwamba timu ikishinda yeye huhesabiwa Mjerumani, na ikishindwa huhesabiwa mhamiaji.

Sasa tulifungue daftari la mihtasari ya kamati yetu.

Kijana wa jezi ni mjukuu wa mtu aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge katika mashamba ya Tanga zama za manamba. Historia hii wakazi wa Tanga tunaijua. Mkonge uliotajirisha mkoa huu ulikatwa na mikono ya watu waliotolewa mbali: Kigoma, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Walikuja kwa mikataba, wakapewa namba, na kwa namba hizo wakapewa jina. Wao pia walitazamiwa kumaliza kazi na kurudi kwao. Wao pia wengi hawakurudi. Walioa hapa, wakajenga hapa, wakaswali katika safu zetu.

Miaka minne iliyopita kijana huyu, akiwa na umri wa miaka 12, alishinda mashindano ya wilaya ya kuhifadhi juzuu 5 za Qur'ani. Tulimpokea kwa dufu na kaswida kuanzia barabara kuu mpaka mlango wa msikiti. Kombe aliloleta lipo kabatini ofisini mpaka leo. Katika muhtasari wa kikao kilichofuata tuliandika kwa mkono wetu: "Kamati inampongeza kijana wetu kwa kuuletea heshima mtaa wetu."

Mwaka uliofuata alituwakilisha katika mashindano ya mkoa. Mbele ya wageni aliteleza katika aya moja, akakumbushwa, akateleza tena, akashuka jukwaani akilia. Katika kikao cha tathmini mjumbe mmoja alisema: "Tunawaacha watoto wa mji, tunapeleka watu wa kuja. Matokeo ndiyo haya." Wajumbe wawili watatu walitikisa vichwa kukubali. Wengine waliinama. Sisi tuliosomeshwa katika chuo cha dini, tuliohifadhishwa tangu udogoni kwamba mtu hamzidi mwenziwe ila kwa uchamungu, tulikuwa na kalamu mkononi, na tuliandika: "Iliazimiwa kuwa mwakani achaguliwe mtoto wa hapahapa."

Kati ya ukurasa ule na huu ni karatasi tisa tu. Mwandiko ni mmoja.

Mtaani hakuna siri. Maneno yalifika nyumbani kwao kabla wino haujakauka. Kijana aliacha madrasa mwezi uleule. Hakugombana na mtu, hakuvunja kitu, alikoma tu kuja. Ustadh wake alidhani ni balehe. Mama zetu walisema ni mpira umemharibu. Sisi tulijua, tukanyamaza, na tukajipa udhuru kwamba kazi ya katibu ni kuandika yaliyosemwa, si kuyasema.

Juu ya udhuru huo, tumrudie Özil mara moja tena. Desemba 2019, akiwa bado Arsenal na mkataba wake mnono, aliandika mtandaoni kuwatetea Waislamu wa jamii ya Uighur wa Xinjiang nchini China, akilalamikia mateso yao na ukimya wa Waislamu wenzao. Klabu ilitoa taarifa kwamba maneno yale ni yake binafsi na kwamba yenyewe haijihusishi na siasa. Televisheni ya taifa ya China iliuondoa mchezo wa Arsenal na Manchester City katika vipindi vyake. Mara ya mwisho kuichezea Arsenal ilikuwa Machi 2020, na msimu uliofuata hakuandikishwa katika kikosi cha ligi. Kocha wake alisema uamuzi ule ulikuwa wa kimpira, na ni kweli pia kwamba kasi yake ilikuwa imepungua. Sisi hatuwezi kupima kipi kilizidi kipi. Januari 2021 alikwenda Fenerbahçe ya Istanbul, na Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 34, akatundika daluga.

Tunachoweza kukipima ni hiki: yeye alikuwa na cha kupoteza, na alisema. Sisi tulikuwa na nini cha kupoteza katika kikao cha watu tisa, juu ya mkeka, wote majirani? Kukunjiwa uso na mjumbe mmoja. Kwa bei hiyo ndogo tulimwuza mtoto.

Usiku wa Ijumaa ile ya jezi hatukulala vizuri. Siku ya pili, baada ya Magharibi, tulikwenda nyumbani kwao. Baba wa kijana ni fundi seremala, na ndiye aliyechonga mlango wa upande wa wanawake msikitini kwetu, bila kudai ujira. Alitukaribisha kibarazani, ikaletwa kahawa na kashata. Tulieleza tulichojia, kwa maneno machache kuliko tuliyokuwa tumeyaandaa njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Katibu, mimi si mtu wa ugomvi. Marehemu baba yangu amezikwa pale makaburini, na jeneza mlilibeba nyinyi wenyewe. Hebu nifahamishe. Mtu akishazikwa mahali, bado ni mtu wa kuja?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba radhi. Alisema radhi yake tumeipata, lakini aliyekosewa yuko ndani.

Kijana aliitwa, akaja, akatusalimu kwa adabu, akakaa mbali kidogo. Tulimwomba radhi yeye pia, na tukubali kwamba si jambo jepesi kwa mtu mzima kumwomba radhi mtoto aliyewahi kumfundisha alifu kwa kijiti. Alitazama chini. Kwa kukosa la kuongeza tukamuuliza jezi ile ameipata wapi.

"Mnadani, Ustadh. Shilingi elfu tatu."

"Na hicho cheo cha Özil unakicheza?"

"Ndiyo. Kiungo. Zilikuwapo jezi nyingine, Ustadh, mpya kuliko ile. Nilichagua ile."

"Kwa nini ile?"

"Nilizisoma habari zake," alisema, na hakuongeza neno.

Katika kikao kilichofuata, tulipofika kwenye yatokanayo na vikao vilivyopita, tuliomba ruhusa ya mwenyekiti tukasoma kurasa zile mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine. Kisha tukaomba azimio lile lifutwe. Ukumbi ulikaa kimya. Mwenyekiti, ambaye ni mtumishi mstaafu na anajua taratibu, alisema muhtasari uliokwisha kuthibitishwa haufutwi. Kilichoandikwa kimeandikwa. Kinachowezekana ni kuandika kingine. Mjumbe aliyesema maneno ya siku ile alikuwapo. Alikuna kidevu, akasema: "Nilisema, sikatai. Andika kwamba niliyesema ni mimi, na kwamba nimeyarudisha." Tuliandika hivyo. Tukaongeza kwamba katibu naye alikuwapo siku ile na hakusema kitu.

Wazazi wenzetu, hatuandiki haya ili kuwapigia debe wachezaji mpira, wala kuwahimiza watoto waache masomo waende viwanjani. Tunaandika kwa sababu kila mtaa una watu wake wa kuja. Wengine ni wajukuu wa manamba, wengine walikimbia vita, wengine waliolewa kutoka kabila jingine miaka thelathini iliyopita na bado jikoni wanaitwa kwa jina la walikotoka. Watoto wao tunawapigia dufu wanapotuletea kombe. Siku watakapoteleza, mtoto atayasikiliza maneno yetu kwa makini kuliko alivyowahi kuisikiliza dufu.

Hatuwezi kumwambia msomaji kwamba kijana amerudi madrasa, kwa kuwa hajarudi. Ustadh wake amempelekea salamu mara mbili, naye amezijibu. Jioni humwona katika kiwanja cha shule, amesimama nyuma ya washambuliaji, akigawa mipira. Nasi tumepita pale mara kadhaa. Anatoa pasi nzuri.

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi alikuja msikitini amevaa kanzu juu ya jezi, kama tangazo lilivyotaka, na ukosi mwekundu ulionekana shingoni. Ilitokea tena tukaketi nyuma yake. Mgongo ulikuwa mweupe mtupu, hauna namba wala jina. Khutba tuliisikia yote, lakini tulijua vyema kilichoandikwa chini ya kitambaa kile, na mwenye kuandika alikuwa nani.